Nani Aliijua Namba ya Maji

Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliokusanyika Columbus, Ohio

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana. Wa kuamkiwa, shikamooni. Wa rika langu na wadogo zangu, habari zenu. Nawashukuru kwa kunipa nafasi kabla ya chakula, maana baada ya chakula sauti yangu isingefika mbali.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunatoka msibani, mama mmoja akanishika mkono pale kwenye maegesho. Akaniambia, "Mwanangu, wewe si ndiye unafanya kazi ya maji? Nasikia maji ya huku yana kemikali. Mimi ya kwangu nachemsha. Si inatosha?" Mama huyo yuko hapa leo, na nilimwahidi kumjibu mbele ya watu wote, kwa sababu najua swali lake liko katika nyumba nyingi. Sisi tumekuzwa na maji ya kuchemsha. Kipindupindu, homa ya matumbo, amiba, vyote hivyo tulifundishwa kuvishinda kwa moto. Mtu akija na hofu ya maji, mkono wetu unakwenda kwenye sufuria wenyewe.

Mama, kwa kemikali hizi kuchemsha hakusaidii. Weka chumvi kwenye sufuria ya maji, uyaache yachemke mpaka yabaki nusu. Chumvi haijaenda popote. Maji yaliyobaki ndiyo yamezidi kuwa na chumvi. Vijidudu vinakufa kwa moto kwa kuwa vina uhai. Hizi hazina uhai wa kupoteza. Mvuke unapanda, zenyewe zinabaki chini zikikusubiri.

Jina lake ni PFAS, tamkeni pifasi. Huo ni ukoo mzima, na una wana kwa maelfu. Waandishi wa habari wanaziita kemikali za milele. Mimi nazipenda zaidi kwa jina la kemikali zisizooza, maana kila aliyewahi kuchimba shimo la taka nyuma ya nyumba anajua kuoza ni nini. Ganda la ndizi linaoza, gunia la katani linaoza, hata mfupa unafika siku unakuwa udongo. Hizi zimetengenezwa kwa mnyororo wa kaboni uliovikwa florini kila upande, na kifungo cha kaboni na florini ni kigumu kuliko karibu vyote tunavyovijua katika kemia ya namna hiyo. Jua haliufungui, bakteria wa ardhini hawana meno ya kuutafuna, na figo zetu, badala ya kuzitoa na mkojo, huzirudisha kwenye damu. Ukinywa leo PFOA, mmoja wa wana wa ukoo huu, inachukua kama miaka mitatu kupungua nusu mwilini. Na hapo uwe umeacha kuinywa.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu ya watu wa kwetu. Mimi ni mtoto wa Arumeru, chini ya Mlima Meru, upande wa Maji ya Chai. Mnaokaa mbele mnaona meno yangu yana rangi ya kahawia. Ni floridi. Bonde la Ufa limejaa mawe ya volkano, mvua inapita katika mawe hayo, na mtoto anayanywa maji yale wakati meno yanaota. Watu wa Nakuru mlio hapa mnanielewa bila kuelezwa. Kule kwetu wapo waliofika utu uzima miguu imepinda na mgongo haukunjiki, kwa ajili ya maji tu. Ndiyo maana nikitaja kemikali za florini, wa kwetu wanasema, aa, tunaijua hiyo.

Siyo hiyo. Floridi imetoka kwenye mwamba. PFAS iliyomo kwenye maji imetoka mikononi mwa watu, ina kiwanda chake na ina tarehe. Na kipimo chake ni kingine kabisa. Sheria ya maji ya Marekani inasema floridi isizidi miligramu 4 kwa lita. PFOA, ambaye ni mmoja wa wakubwa katika ukoo wa PFAS, sheria hiyohiyo inasema isizidi nanogramu 4 kwa lita. Nne na nne. Lakini nanogramu ni miligramu uliyoigawa vipande milioni moja.

Watu wananiuliza, hizo nanogramu 4 ni kitu gani hasa? Nikawa natafuta mfano, nikakumbuka maboza ya maji ya nyumbani. Chukua boza la lita 10,000. Panga maboza 5,000 ya namna hiyo, foleni ambayo mwisho wake huuoni. Dondosha tone moja la kemikali katika maji yote hayo, uchanganye. Hiyo ni nanogramu 1 kwa lita. Dondosha manne, umefika mpaka wa sheria. Nilipoanza kazi ya maabara sikuamini kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kupimwa, sembuse kumdhuru mtu. Kilichonibadilisha ni historia ya mto wetu huu, na ndiyo niliyokuja kuieleza.

Kutoka hapa mpaka Little Hocking, kwenye ukingo wa mto Ohio, ni kama saa mbili kwa gari. Nimekwenda mara tatu. Unasimama upande huu wa Ohio penye visima vya maji ya kijiji, unatazama ng'ambo, na kiwanda kiko palepale mbele yako upande wa West Virginia. Kinaitwa Washington Works, karibu na mji wa Parkersburg. Kilikuwa cha DuPont. Mwaka 1951 walianza kutumia kemikali waliyoinunua kwa kampuni ya 3M, wakaiita C8 kwa kuwa ina kaboni nane. Ndiyo PFOA. Ilikuwa inasaidia kutengeneza Teflon, ile ya vikaango visivyogandisha chakula. Iliyobaki ilitoka kwa bomba la moshi, ikaingia mtoni, ikazikwa kwenye dampo.

Sasa nisikilizeni mfuatano wa miaka. Mwaka 1961 watafiti wa DuPont yenyewe waliona kemikali hii inakuza maini ya panya na sungura. Mwaka 1981 kampuni ya 3M ikaona panya wanazaa watoto wenye kasoro. DuPont wakawatazama wanawake wao waliokuwa wakifanya kazi na C8. Katika watoto saba waliozaliwa, wawili walikuwa na kasoro za macho na uso. Mwaka 1984 wafanyakazi wa kampuni walitumwa kwenye maduka ya vijiji jirani, ng'ambo zote mbili za mto, wakachota maji ya bomba kwenye madumu, wakayapeleka kupimwa. C8 ilikuwemo. Ilikuwemo Lubeck, West Virginia, na ilikuwemo Little Hocking, Ohio.

Basi mwaka 1984 kulikuwa na namba. Imeandikwa kwenye karatasi, imewekwa kwenye faili. Watu wa Lubeck waliletewa barua ya kwanza na mamlaka yao ya maji mwishoni mwa Oktoba 2000, ikiwaambia kuna kemikali inaitwa C8 katika maji yao, ni kidogo, wasiwe na wasiwasi. Little Hocking walijua baada ya hapo. Hesabuni. Miaka 16. Mtoto aliyezaliwa siku madumu yale yanachotwa alikuwa tayari anajifunza kuendesha gari, na muda wote huo alikuwa anayanywa, mama yake aliyatumia kumchanganyia maziwa, na mwalimu wake alimwambia kunywa maji kwa wingi ni afya.

Hata barua ile isingefika pengine, kama si mfugaji mmoja. Wilbur Tennant alikuwa na ng'ombe nje ya Parkersburg. Ndugu yake alikuwa ameuza eka 66 kwa DuPont mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakafanya dampo, na kijito kilichopita pale, kinaitwa Dry Run, ndicho ng'ombe walichonywea. Ng'ombe wakaanza kukonda, manyoya kunyonyoka, macho kubadilika, ndama kufa. Wafugaji mlio hapa, mnaotoka Mulenge, mnaotoka Umasaini, mnajua mtu anavyomfahamu ng'ombe wake. Hahitaji cheti kusema huyu haumwi ugonjwa wa kawaida. Mzee yule alichukua kamera ya video akapiga povu kijitoni, akapiga mizoga, akampasua ng'ombe aliyekufa kwa mkono wake aonyeshe ini na figo. Alihesabu ng'ombe 153 waliomfia. Pale mjini hakuna aliyetaka kumsikiliza, maana kiwanda ndicho kilichokuwa kinalisha mji.

Mwaka 1998 alimpigia simu wakili wa Cincinnati, Rob Bilott. Wakili huyu kazi yake mpaka siku hiyo ilikuwa kutetea makampuni ya kemikali. Kilichomfanya asikate simu ni kwamba bibi yake aliishi maeneo yale, na jina la bibi lilitajwa. Sisi tunaujua mlango huo. Mgeni akikutajia bibi yako, unamkaribisha kwanza, maswali baadaye.

Kesi ikafunguliwa mwaka 1999. Mahakama ikailazimisha kampuni kutoa nyaraka, zikaja kurasa 110,000, nyingine za nusu karne nyuma. Bilott akakaa chini sakafuni ofisini kwake na maboksi, akazipanga moja moja kwa tarehe. Machi 2001 akaliandikia shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA, barua ya kurasa 972. Mpaka hapo EPA haikuwa na sheria yoyote juu ya C8 kwenye maji. Na hili ndilo jambo nililotaka mlishike kuliko yote. Sheria ya kemikali ya Marekani ya mwaka 1976 ilipoanza, ilizikuta kemikali karibu 62,000 tayari sokoni, ikaziacha ziendelee bila kudai zithibitishwe kwanza kwamba hazina madhara. Serikali ilitegemea mwenye kemikali aje mwenyewe aseme, "Nimeona hatari." Kampuni ilikuwa na wajibu huo, haikuutimiza, na mwaka 2005 EPA iliitoza dola milioni 16.5 kwa kunyamaza. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko zote ambazo shirika hilo lilikuwa limewahi kutoza kwa njia ya kiutawala. Kwa mwananchi ni fedha nyingi. Kwa kampuni ya ukubwa ule, mnaweza kukadiria wenyewe.

Watu wa bonde lile nao walifungua kesi yao ya pamoja. Walipopatana mwaka 2004, walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la hekima kubwa. Dola milioni 70 zilizotolewa wangeweza kugawana, kila mmoja akapata visenti vyake, mambo yakaisha. Wakakubaliana zitumike kupima damu. Kila atakayekuja kujaza maelezo ya afya yake na kutolewa damu atalipwa dola 400. Watu wakaja na familia zao, baba, mama, watoto wanne, bibi kwenye kiti cha magurudumu. Kwa mwaka mmoja walipimwa watu kama 69,000, katika eneo lenye vijiji vya kawaida kabisa. Utafiti wa damu wa ukubwa huo ni nadra hata katika miji mikubwa.

Jopo la wataalamu watatu wa magonjwa likakaa na takwimu zile. Miaka ikapita, watu wakasubiri, wengine wakafa wakisubiri. Tennant mwenyewe alifariki mwaka 2009. Kufikia 2012 jopo lilikuwa limetaja magonjwa sita yenye uhusiano na C8: saratani ya figo, saratani ya korodani, mniwie radhi wazee, vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa wa tezi ya thairoidi, presha ya ujauzito, na lehemu nyingi kwenye damu. Mwaka 2017 kampuni zilikubali kulipa dola milioni 671 kwa kesi za watu zaidi ya 3,500. Na Desemba 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka PFOA katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara na asbesto.

Sasa tutazame namba ya sheria ilivyotembea. Mwaka 2002 jimbo la West Virginia liliunda timu, ikasema C8 kwenye maji isiwatie watu wasiwasi mpaka ifike nanogramu 150,000 kwa lita. Laki moja na nusu. Mwaka 2006 EPA na kampuni wakakubaliana nanogramu 500. Mwaka 2009 ushauri ukawa 400. Mwaka 2016 ukawa 70. Mwaka 2022 EPA ikatoa ushauri wa muda, 0.004, chini ya uwezo wa maabara yoyote. Aprili 2024 ikaja sheria yenyewe, yenye nguvu ya kumshtaki anayeivunja: nanogramu 4 kwa PFOA, na 4 kwa ndugu yake PFOS. Wakati wote huo maji yalikuwa ni yaleyale. Aliyekunywa maji yenye nanogramu 1,000 kwa lita mwaka 2003 aliambiwa yuko salama. Kemikali haikuwa mpole mwaka 2003.

Na kwa nini 4, si sifuri? EPA yenyewe imeandika kwamba lengo la afya ni sifuri. Nne imewekwa kwa sababu hapo ndipo maabara nyingi zinaweza kupima na kutoa jibu la kuaminika. Mimi niko ndani ya kazi hiyo, nawaambia ni kazi ngumu. Siku ya kuchukua sampuli sivai koti la mvua, maana koti lisilopitisha maji laweza kuwa na kemikali hizohizo. Navaa pamba iliyofuliwa mara nyingi, bila ile dawa ya kulainisha nguo. Asubuhi hiyo sijipaki mafuta ya mwili wala losheni. Sili chakula kilichofungwa kwenye karatasi isiyopenya mafuta. Nikifika kwenye bomba nanawa, navaa glavu mpya, nafungua chupa ya plastiki ya mililita 250, kifuniko sikiweki mezani, nakishika mkononi uso ukitazama chini. Pembeni nina chupa nyingine yenye maji safi ya maabara, naimimina palepale kwenye hewa ileile, ili nikikuta kemikali humo nijue imetoka kwangu mimi. Kisha barafu, kisha maabara. Sampuli moja inagharimu dola mia kadhaa. Nikivua vile vyote ndipo naelewa tulivyozungukwa. Ili nipime maji lazima kwanza nijivue kemikali nilizovaa.

Sheria ile ya 2024 ilitaja PFAS sita. Ilizipa mamlaka za maji mpaka 2029 kuweka mitambo ya kusafisha. Mei 2025 EPA ikatangaza kwamba itabaki na viwango vya PFOA na PFOS, lakini inakusudia kuisogeza tarehe mpaka 2031, na kuviondoa viwango vya zile nyingine nne. Mimi sikubaliani na jambo hilo, na nalisema wazi. Moja kati ya hizo nne ni GenX. DuPont walipoacha C8, GenX ndiyo iliyoletwa kushika nafasi yake. Mwaka 2017 watu wa Wilmington, North Carolina, wakajua imo kwenye maji yao, imeshuka na mto Cape Fear kutoka kiwanda kilichoko juu kule Fayetteville. Ukoo una maelfu. Ukimkataza mmoja kwa miaka 20 ya kesi, binamu yake anaingia kwa mlango wa nyuma, naye unaanza kumtafutia panya na sungura upya. Kwangu mimi aliyetengeneza ndiye athibitishe kabla ya kumwaga. Mnywaji asiachiwe kazi ya kuthibitisha baada ya kuumwa.

Wenzetu wa Ulaya wamejaribu kuukamata ukoo kwa pamoja. Tangu Januari 2026 sheria yao inajumlisha PFAS 20, na jumla isizidi nanogramu 100 kwa lita. Wadenmaki wamekwenda mbali zaidi, kwa nne kati yake jumla ni nanogramu 2. Lakini jambo la Ulaya linalonigusa zaidi limetoka mahakamani. Kuna mji wa Sweden unaitwa Ronneby. Desemba 2013 waligundua kisima cha mamlaka ya maji kimeingiwa na povu la kuzimia moto lenye PFAS kutoka uwanja wa ndege za kijeshi, wakakifunga. Wananchi walikuwa wameyanywa miaka mingi. Wakashtaki, wakaulizwa, ninyi mnaumwa nini? Wengine walikuwa hawaumwi bado. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Sweden ikaamua kwamba kiwango kikubwa cha PFAS ndani ya damu ya mtu, chenyewe, ni dhara la mwili. Yaani damu ikishachafuliwa, umeshajeruhiwa. Nimelisoma neno hilo nikamkumbuka yule mtoto aliyezaliwa siku ya madumu.

Mtaniuliza, na nyumbani je? Povu lile la zimamoto linauzwa dunia nzima, na viwanja vya ndege viko dunia nzima. Watafiti walishapima maji ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria upande wa Kisumu, na mwaka 2009 wakachapisha kwamba PFOA na PFOS zimo. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ambao ulizibana PFOS mwaka 2009, ukapiga marufuku PFOA mwaka 2019 na ndugu yao mwingine, PFHxS, mwaka 2022. Mkataba upo. Mnaporudi likizo, mkikutana na mbunge wenu au mkuu wa mamlaka ya maji, muulizeni swali moja dogo: povu la zimamoto pale uwanja wa ndege limetengenezwa na nini, na likimwagwa kwenye mazoezi linaelekea wapi? Kule kwetu floridi ilitukuta hatujui. Hii tunaijua.

Turudi hapa. Kila mamlaka ya maji inatakiwa kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Julai, itoe ripoti ya ubora wa maji. Inakuja kwa bahasha au kwa kadi yenye anwani ya tovuti. Najua tunavyofanya. Bahasha ni ya Kiingereza, haina jina la mtu, inatupwa pamoja na matangazo ya pizza. Halafu wengi wetu ni wapangaji, bili ya maji inalipwa na mwenye nyumba, kwa hiyo ripoti inakwenda kwake, haifiki kwako kabisa. Haki ya kuiona bado ni yako. Ingia tovuti ya mamlaka yako, au piga simu uombe. Ukiipata, tafuta PFOA na PFOS, tazama namba, linganisha na 4. Kama hukuziona, subiri kidogo lakini usisahau: mamlaka zinatakiwa zimalize vipimo vya mwanzo kufikia mwaka 2027.

Ikiwa namba imezidi, usihame nyumba. Kuoga na kufua endelea, kwa ngozi zinaingia kidogo sana. Shughulika na ya kunywa na kupikia, na zaidi ya yote ya kuchanganyia maziwa ya mtoto. Kinachosaidia ni chujio la mkaa maalumu au mtambo mdogo wa RO, unaosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba sana, chini ya sinki. Usinunue kwa maneno ya muuzaji. Geuza boksi, tafuta maandishi NSF/ANSI 53 au 58, na pale pale paandikwe kwamba limepimwa kwa PFOA na PFOS. Na badilisha mkaa kwa wakati wake. Mkaa ukishajaa unaachia, unakuwa unanunua imani tu. Maji ya chupa nayo si dawa kwa sababu yamefungwa kwenye chupa. Yametoka mahali fulani, na mahali hapo nako kuna namba yake.

Waliobaki ni wale walionunua nyumba nje ya mji, wenye visima vyao. Sheria yote niliyoeleza haiwahusu ninyi. Inalinda maji ya mamlaka, kisima cha mtu binafsi kiko nje yake, na hakuna atakayekuja kukupimia. Hapo kwenye meza, pembeni ya chai, nimeweka daftari. Andikeni jina, mji, na kina cha kisima kama mnakijua. Tukifika watu kumi tutaomba bei ya pamoja maabara, na mimi nitakuja kuwachukulia sampuli bila malipo, siku ya Jumamosi, na nguo zangu za pamba. Mama, wewe uliyeniuliza, najua mwanao wa kiume amehamia shamba kule Licking County. Nimeshaliandika jina lake la kwanza kabisa, nakuomba namba yake ya simu kabla hujaondoka.